Wazee Wasemapo Dunia Imeharibika



Hapa Bariadi, sokoni na chini ya mkwaju, twasikia kila siku ya kuwa dunia imeharibika. Vijana hawaamkii, mvua haifuati majira yake, pamba haina bei. Nasi tuliosoma vitabu kidogo twaona ajabu, maana neno hili ni la kale sana. Miaka 700 hivi kabla ya Kristo, Mgiriki Hesiod aliwagawanya wanadamu katika vizazi vitano, cha kwanza cha dhahabu na cha mwisho cha chuma, akajihesabu mwenyewe katika hicho cha chuma. Na huko pwani Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiyalilia majumba ya Pate yaliyokuwa magofu. Huyu hakukosea, kwani Pate ilikuwa imeanguka kweli. Basi hatusemi kwamba kila alalamikaye ni mwongo.

Tutazame Usukuma wetu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe wengi mno katika nchi za Afrika ya Mashariki, na watu wakaona mwisho umefika. Haikupita miaka sitini, serikali ya Waingereza ikalia kilio kingine: ng'ombe wamezidi, nchi itakwisha! Mwaka 1947 ukaanzishwa mpango wa maendeleo ya Usukuma, wenye amri nyingi za kupunguza mifugo na kulima kwa matuta, amri ambazo watu walizichukia. Ng'ombe wachache ni maangamizi, ng'ombe wengi ni maangamizi pia. Na watu wenyewe? Mkoa wetu wa Simiyu, uliotengwa mwaka 2012, ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya 2,000,000.

Walakini liko jambo lililo zito kuliko malalamiko. Asemaye dunia imeharibika hakawii kuuliza: ni nani aliyeiharibu? Mwaka 410 Wagothi wa Alaric walipouteka mji wa Roma, wengi walisema ni kosa la Wakristo walioiacha miungu ya kale. Askofu Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliwajibu kwa vitabu 22. Hapa kwetu jibu halikutafutwa vitabuni. Alitazamwa bibi kizee mwenye macho mekundu.

Macho yale tunajua yalikotoka. Watu walihimizwa kufyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o. Kisha pamba ikataka mashamba. Nchi ikawa nyeupe. Kuni zikaadimika, akina mama wakapikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake huuma macho. Mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka arobaini, akiwalisha watoto na wajukuu, ndiye aliyeitwa mchawi, mvua ilipokosekana au mtoto alipokufa. Wengi wakauawa kwa mapanga usiku. Mwaka 1976 serikali ilifanya msako wa wauaji hao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, nayo Bariadi wakati ule ilikuwa Shinyanga. Watuhumiwa kadhaa wakafa mikononi mwa askari, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Hata hivyo mauaji hayakukoma. Twayasema haya siku ya furaha kwa kuwa baadhi ya waliouawa walikuwa bibi zetu, na wauaji walitoka katika nyumba zetu.

Na ile nchi nyeupe? Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaoitwa HASHI. Wenye mpango waliona kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao ya kale, ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, ili ng'ombe wapate chakula wakati wa kiangazi. Familia na vijiji wakafunga ngitili upya. Mahali pengi hapakupandwa hata mche mmoja. Ng'ombe walipozuiwa, visiki na mizizi iliyodhaniwa kufa ilichipuka yenyewe. Leo ngitili zimeenea maelfu kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya mataifa iitwayo Equator. Na katika vijiji vilivyozitunza, akina mama wamepunguziwa mwendo wa kutafuta kuni.