Tumbo la L1

Ba kaka na ba dada, sisi tuliomaliza masomo tunajua L1 anakula nini hapa Goma. Asubuhi chai na mandazi mawili, jioni fufu ya muhogo na sombe kidogo. Saa sita? Hakuna. Fufu inajaza tumbo, ndiyo, lakini protini yake ni kidogo sana. Na sambaza ziko hapa hapa ziwani Kivu, maharagi yanashuka toka Masisi! Franka zinaishia kwenye minerval na silabusi.

Wakati wa Zaire, vyuo vikubwa vilikuwa na restora za wanafunzi. Wakubwa wa vyuo, kwenye pesa munazokusanya, sahani moja ya maharagi saa sita inashindikana wapi? Mutujibu mbele ya mitihani.