Kabla ya Kujaza Ghala

Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mengi hayakuwa ya kununua. Yalivunwa na wenye nyumba, yakawekwa ndani kabla hayajakauka.

Sisi wakulima twaelewa. Mvua inatisha, wezi wapo, watoto wana njaa, basi tunavuna kwa haraka. Hapo hatulaumiani. Lakini kumwaga mahindi juu ya udongo mtupu, hilo ni kosa letu. Tuyaanike juu ya turubai au kichanja, tuyageuze, na jioni tuyafunike umande usiyapate.

Wengi wetu hupima kwa kung'ata punje. Chumvi hupima vizuri zaidi. Tutie mahindi yaliyopukuchuliwa katika chupa kavu, pamoja na chumvi kavu kidogo, tuzibe na kutikisa kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Tuyarudishe juani, hata kama magunia yameshanunuliwa.

Na punje zenye ukungu tusiwape kuku wala tusizitie kwenye pombe. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.