Kitabu cha Bure Kisichofunguka



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, Ramadhan Mubarak. Leo nataka tuzungumze juu ya vitabu tunavyotumiana kwenye simu mwezi huu: vya dua, vya hukumu za saumu, vya zaka. Tunavitoa bure na tunataraji thawabu. Lakini hebu jiulize: uliyemtumia, amekisoma?

Chukua mfano. Kijana wa hapa Kondele ana kitabu cha kurasa 200. Anapiga picha kila ukurasa, anaziunganisha kuwa PDF moja ya megabaiti 60, anamtumia dada yake aliyeko Mbita. Dada ana simu ndogo na bando la shilingi 20. Bando linaisha kitabu hakijafika. Na hata kikifika, maandishi ni kama punje za mchanga. Lazima auvute ukurasa kulia, auvute kushoto, asome mstari nusu nusu. Mwisho anakiacha. Jamani, hiyo ni sadaka au ni mzigo?

Sasa tufanye hesabu. Herufi moja ya Kiswahili kwenye kompyuta ni baiti moja. Ukurasa una herufi kama 2,000. Kurasa 200 ni herufi 400,000, yaani kilobaiti 400. Haifiki hata nusu megabaiti! Kitabu ni kile kile, kilichobadilika ni chombo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kiarabu. Lakini alipotaka kuwazindua watu, alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Alimtazama msomaji kwanza.

Na hekima tunaichukua popote ilipo. Mwaka 1971, Mmarekani Michael Hart alianza kazi ya vitabu vya bure kwenye kompyuta, iliyokuja kuitwa Project Gutenberg. Alishikilia maandishi matupu, bila mapambo, yafunguke kwenye mashine yoyote. Maandishi ya namna hiyo yangali yanafunguka hadi leo. Lakini zile programu za sidii tulizonunua zamani, ngapi zinafunguka kwenye simu yako?

Basi tufanyeje?

Kwanza, kitabu kichapwe, kisipigwe picha. Kwa simu, tengeneza EPUB: herufi hukuzwa na mstari hujipanga wenyewe kulingana na kioo. Asiye na programu ya EPUB, mpe HTML au maandishi matupu. Simaanishi PDF ni haramu! Ni nzuri kwa kitu cha kuchapisha karatasini, kama ratiba ya futari ya kubandika msikitini.

Pili, na hapa tuogope: aya za Qur'ani. Fonti za zamani zikihamishwa kwenye simu nyingine, Kiarabu hugeuka visanduku au herufi hutengana. Tumia Unicode, andika jina la sura na namba ya aya, na mpe ustadh asome kwenye simu mbili tatu kabla hujasambaza. Kosa likishatoka, halirudi.

Tatu, usifunge faili kwa nywila. Na kitabu kama kina mwenyewe, omba idhini. Huwezi kutoa sadaka mali ya mtu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba elimu yenye kunufaisha ni katika yale ambayo thawabu zake humfuata mtu baada ya kufa kwake. Angalia neno hilo: yenye kunufaisha. Kitabu kisichofunguka kitamnufaisha nani?

Kwa hiyo leo baada ya Alasiri, kabla hujabonyeza kutuma, mtafute mwenye simu duni kuliko wote pale msikitini. Mwambie afungue, asome ukurasa mmoja. Akisoma bila taabu, tuma, na Kendu Bay watasoma, na Homa Bay watasoma. Akishindwa, rudi ukatengeneze upya.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na elimu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam aleikum.