Sauti Kubwa Si Sauti Safi

(Maneno yaliyosemwa katika kikao cha vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya masikio. Baadhi ya vikundi vyetu vimeanza kujifunza redio ya ridhaa, yaani ile redio ya kupokea na kutuma sauti ambayo haitumiwi kwa biashara. Tunajua kwamba kutuma sauti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Lakini kabla ya kusema, lazima mtu ajue kusikiliza.

Faida ya redio hii huonekana siku ya shida. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman huko India, simu zilikatika. Bi. Bharathi Prasad na wenzake walikuwa Port Blair na redio zao za ridhaa, nao wakapitisha habari za waliopona na waliopotea. Sisi wenyewe hapa Kenya tuliona mwaka wa 2024 jinsi mafuriko yanavyokata barabara na madaraja. Sasa, redio itatusaidia nini kama anayesikiliza hashiki maneno?

Chukueni maneno mawili: sita na tisa. Herufi ni zile zile, zimebadilishana nafasi tu. Mwenzetu akisema "wagonjwa sita" na sisi tuandike tisa, gari litaandaliwa vibaya. Akisema tisa tuandike sita, watu watatu watabaki nyuma. Si jambo la mzaha hilo.

Kwa nini maneno hayo huchanganyika? Sauti ya mtu ina upande mzito na upande mwembamba. Herufi kama a, o na u zina nguvu nyingi upande mzito. Herufi kama s, t na f ni hafifu, na s hasa hukaa upande mwembamba. Kumbe ni hizo hafifu ndizo zinazotenganisha neno na neno! Redio ya masafa ya mbali, kwa kawaida, hupitisha mitetemo ya kutoka kama 300 hadi 2,700 kwa sekunde. Kwa hivyo sehemu kubwa ya ile s imeshakatwa njiani. Tukiongeza besi, kile kidogo kilichobaki tunakifunika.

Wengi wetu, tusipopata neno, mkono unakimbilia kitufe cha kuongeza sauti. Hapo ndipo shida inaanza, kwa sababu makelele nayo yanaongezeka. Debe tupu haliachi kuvuma. Tufuate basi mpango huu, hatua kwa hatua.

Kwanza, tupunguze sauti hadi chini kabla ya kuvaa hedifoni. Tuchomeke vizuri. Sauti ikitoka sikio moja tu, huenda hedifoni haijaharibika. Hedifoni za muziki zina njia mbili, na redio nyingine zina njia moja. Kipo kiunganishi kidogo cha kurekebisha hilo, fundi wa redio anakijua.

Pili, tutafute stesheni polepole. Msemaji akisikika kama bata, au kama mtu aliye ndani ya pipa, bado hatujafika mahali pake. Tuzungushe kidogo kidogo mpaka awe mtu. Kusawazisha sauti hakuwezi kurekebisha hilo.

Tatu, tupunguze makelele yanakotoka. Mtambo wa sola na chaja za bei rahisi huweza kunguruma ndani ya redio, basi tuzime kimoja kimoja tukisikiliza. Radi hatuwezi kuizima. Lakini redio nyingi zina kitufe cha kupunguza nguvu ya kupokea, mbali na kile cha sauti. Tukirudishe nyuma mpaka makelele yatulie na msemaji abaki juu yake.

Nne, sasa ndiyo tusawazishe. Redio nyingi za kisasa zina sehemu ya besi na trebo za kusikilizia. Nyingine hazina, na watu hutumia ikwalaiza ya nje, yenye vijiti vya kupandisha na kushusha. Kanuni ni moja: tuanze kwa kupunguza, si kuongeza. Tushushe kilicho chini ya 300. Tushushe pia kilicho juu ya 3,000, maana huko kumebaki mlio wa shhh tu. Kisha, tukiona haja, tupandishe kidogo kati ya 1,000 na 2,500. Tusiguse vitu viwili kwa wakati mmoja, la sivyo hatutajua kipi kimesaidia.

Tano, maneno yakishakuwa wazi, turudi kwenye kitufe cha sauti na kukipunguza tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapozidi, saa zipungue. Tukivua hedifoni na masikio yanalia, tumepita kiasi. Zile chembe ndogo za kusikilia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Tukumbuke pia kwamba masikio hayafanani. Umri ukienda, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Mzee akiomba trebo iongezwe, kijana asimcheke. Kila msikilizaji aandike vipimo vyake katika daftari la redio, ili zamu ikibadilika asianze upya.

Na hata sauti ikiwa safi, tusiamini sikio peke yake. Tumrudishie msemaji yale tuliyoandika. Penye namba, tuhesabu kwa sauti mpaka tuifikie: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Yeye aseme "ndiyo" au "hapana". Inachukua sekunde chache tu, na wale watu watatu hawatasahauliwa.

Kikundi chenye redio kijaribu hatua hizi wiki hii, wakati hakuna haraka. Siku ya mafuriko si siku ya kutafuta kitufe.