Jembe si Adui wa Mji
(Maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Majina ya mitaa ya Dar es Salaam ni ushahidi usiokanushika. Mikocheni ni mahali pa mikoche. Mchikichini ni mahali pa mchikichi. Mikoroshini palikuwa na mikorosho, na Mnazi Mmoja ni jina lisilohitaji mfasiri. Kabla ya Sultani Majid wa Unguja kuanza kujenga hapo katika miaka ya 1860, palikuwapo kijiji cha Mzizima, ambacho wenyeji wake walivua samaki na kulima. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Mji ukaongezeka majengo na barabara, lakini shamba halikuondoka. Lilisogezwa kando tu, likabaki mabondeni, uani na nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo mtu anayedai kwamba mji ni mahali pa saruji na lami peke yake, na kwamba mwenye kushika jembe mjini ameharibu sura ya mji, hajui historia ya mji anaoishi. Swali linalostahili kuulizwa leo ni jingine. Katika mji ambao sensa ya mwaka 2012 iliukuta na watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 5,383,728, je, mkazi anaweza kushika desturi njema za shamba bila kuwadhuru majirani zake, bila kuvunja sheria, na bila kuiibia kazi aliyoajiriwa kuifanya?

CHANZO CHA DHARAU

Dharau ya msomi kwa jembe haikuzuka bure. Serikali ya kikoloni iliugawa mji katika sehemu tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ikamhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini. Kwao kulikuwa kijijini, na mjini alikuja kutoa nguvu zake kwa muda. Mshahara wake ulipimwa kwa kipimo cha mtu mseja, kana kwamba hakuwa na mke wala watoto, kwa sababu mkewe alikuwa akiwalisha watoto kwa jembe huko nyuma. Kwa lugha iliyo wazi, jembe la mwanamke wa kijijini lilimlipia tajiri sehemu ya mshahara ambayo yeye hakutaka kuilipa.

Hapo ndipo mambo mawili yalipozaliwa kwa pamoja. La kwanza ni kasumba ya kudhani kwamba aliyeelimika ameepukana na udongo. La pili ni mazoea ya kulifanya shamba kuwa kisingizio cha malipo duni. Mambo yote mawili hayana budi kupigwa vita kwa pamoja. Mwenye kupiga vita la kwanza peke yake huishia kumwambia mfanyakazi mwenye njaa kwamba akalime mchicha, na hapo atakuwa amemtukana.

MIAKA YA UHABA

Tanzania ilipopatwa na ukame na upungufu mkubwa wa chakula katika miaka ya 1973 hadi 1975, ulitolewa wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Wito huo haukuwahusu wanavijiji tu. Ofisi, viwanda, shule na vikosi vilitakiwa kulima, na wakazi wa miji walihimizwa kutumia kila kipande cha ardhi kilichokuwa wazi. Halafu ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikaadimika. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi ulipungua thamani mwaka hata mwaka, na watu wakapanga foleni kwa ajili ya sukari, sabuni na unga.

Katika shida hiyo neno «mradi» lilipata maana mpya mjini. Karani alikuwa na mradi wa kuku, mwalimu mradi wa bustani, na daktari mradi wa ng'ombe wawili wa maziwa uani. Wengi wa watoto wanaoshika nafasi za madaraka leo walisomeshwa kwa mayai na maziwa hayo, na aghalabu aliyeamka alfajiri kuchanganya pumba na mashudu alikuwa mama yao. Mwaka 1992 zilitolewa kanuni za kilimo cha mijini chini ya sheria ya mipango ya miji ya wakati huo. Kanuni hizo zilikubali kwamba kilimo ni mojawapo ya matumizi ya ardhi ya mji, na zikaweka mpaka wa ekari tatu kwa mtu mmoja. Jambo lililokuwa likifanywa kwa kujificha likapata nafasi katika maandishi ya serikali, pamoja na mipaka yake.

Wala Watanzania hawakuwa peke yao. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Kuba ilikosa mafuta, mbolea na chakula ilivyokuwa ikipata huko. Wakazi wa Havana waligeuza viwanja vitupu vya mji kuwa bustani za mboga, wakitumia mboji badala ya mbolea za viwandani. Njaa ilifundisha huko kama ilivyofundisha huku.

KINACHOWEZEKANA

Desturi za shamba hazidai ekari tatu. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tangu kupandwa. Matembele hukatwa na kuchipua tena, hata tuta moja likitunzwa vema huweza kuipatia nyumba mboga kwa miezi mingi. Bamia, nyanya chungu na majani ya maboga hustahimili joto la pwani. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa mjini, hana ardhi. Lakini gunia lililojazwa udongo na mboji, likatobolewa ubavuni na kupandikizwa miche, huhitaji nafasi isiyozidi ya kiti, mradi mwenye nyumba akubali.

Maji ni tatizo kubwa, na desturi za shamba zina jibu lake. Mtu wa kijijini hamwagi maji aliyooshea mboga. Aidha, mvua hunyesha juu ya kila bati bila ankara. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 50 za maji. Dar es Salaam hupata masika baina ya Machi na Mei, na vuli baina ya Oktoba na Desemba. Mwenye mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko atakuwa amejiwekea akiba, na mwenye pipa lisilo na kifuniko atakuwa amefuga mbu.

Kuku wa kienyeji nao wanafaa, lakini ugonjwa wa kideri huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo yake ipo. Ni tone moja katika jicho la kila kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Anayefuga bila kuchanja anacheza bahati nasibu kwa fedha za watoto wake, tena huwaambukiza kuku wa jirani.

Kisha zipo taka. Sehemu kubwa ya taka za majumbani katika Dar es Salaam ni mabaki ya vyakula, maganda na majani. Kijijini vitu hivyo huitwa chakula cha mifugo au mbolea. Mjini huwekwa katika mfuko, hulipiwa gari, na husafirishwa mbali kwenda kuoza mahali ambapo havimfaidii mtu. Shimo dogo la mboji uani ni kazi ya nusu siku.

MADHARA YASIYOFICHWA

Haitoshi kusifu. Kilimo kibaya mjini huua, na ni wajibu wa msomi kulisema hilo wazi.

Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mboga zilizooteshwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Wachunguzi walikuta ndani ya mboga hizo madini mazito, risasi ikiwa mojawapo. Madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayaondoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Anayemwagilia kwa maji ya mto unaopokea uchafu wa viwanda na vyoo anawauzia wenzake sumu, hata kama mchicha wake ni wa kijani na unavutia macho. Mabonde hayo pia si mahali pa kujenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu na kuwaacha wengi bila makazi, hata baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande.

Mbu aenezaye malaria hutaga katika maji yaliyotuama yanayopigwa na jua. Mifereji baina ya matuta ya viazi vitamu ikishika maji huwa mazalio yake. Kutoka yai hadi kuwa mbu kamili huchukua muda wa wiki moja au mbili. Basi mwenye matuta anayeondoa maji hayo kila wiki huwalinda majirani, na mwenye kuyaacha huwapelekea homa. Kadhalika, ng'ombe mmoja wa maziwa huweza kutoa samadi ya kilo 20 na zaidi kwa siku. Samadi hiyo ni mali kwa mwenye bustani na ni uchafu kwa asiye na mahali pa kuiweka. Asiyejua ataipeleka wapi asinunue ng'ombe. Amwendee kwanza bwana shamba au bibi shamba wa halmashauri yake, aulize sheria ndogo zinasemaje juu ya mtaa wake.

Madhara mengine hayapimwi maabara. Yupo mtumishi anayeondoka ofisini saa nne kwenda kuangalia vifaranga, huku mwananchi aliyetoka mbali akisubiri dirishani. Huyo hajajitegemea, amewategemea walipa kodi. Yupo pia mwalimu anayewatuma wanafunzi kuteka maji ya bustani yake wakati wa masomo. Huo ni unyonyaji, ijapokuwa wanaonyonywa ni watoto na anayenyonya huwafundisha uraia.

WAJIBU WA MWALIMU

Mwezi Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo ya Elimu ya Kujitegemea. Kiini chake kilikuwa kwamba shule iwe jamii inayofanya kazi na kujifunza kutokana na kazi hiyo. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa. Wanafunzi wapange, wahesabu gharama, wakosee, wasahihishe, kisha waamue wenyewe matumizi ya mapato.

Lakini katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa adhabu. Aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Aliyefaulu vizuri alisamehewa jembe. Mtoto aliyelelewa hivyo kwa miaka saba alijifunza somo moja ambalo halikuandikwa katika muhtasari wowote, yaani kwamba ardhi ni mahali anapopelekwa aliyekosa. Haishangazi kwamba akiwa mtu mzima hutoka mtaani amevaa tai, akiomba kazi yoyote ile ilmradi isiwe ya udongo.

Kulirekebisha jambo hilo hakungoji waraka. Mwalimu wa hisabati anaweza kupimisha tuta na kukokotoa maji yanayoingia katika pipa. Mwalimu wa sayansi anaweza kuonyesha mboji inavyopata joto, na kwa nini samadi mbichi ya kuku huunguza miche. Mwalimu mkuu anaweza kukataza, kuanzia kesho asubuhi, jembe lisitumike tena kuwa fimbo.

UJIRANI

Hatimaye, desturi za shamba ni zaidi ya mboga. Kijijini mtu hujua jina la jirani yake, humsaidia wakati wa mavuno na wa msiba, na hutoka katika msaragambo bila kusukumwa. Mjini watu hukaa ukuta kwa ukuta miaka kumi bila kujuliana hali. Bustani ya mtaa huwalazimu kuzungumza juu ya zamu ya maji, mbuzi aliyevunja uzio na mbegu iliyobaki.

Lakini bustani ya mtaa huhitaji mtaa wenye nafasi. Viwanja vya wazi vilivyotengwa katika ramani za mji huvamiwa, humegwa na huuzwa, mara nyingine kwa saini ya watu waliokabidhiwa kuvilinda. Kila kiwanja kinachopotea huchukua pamoja nacho uwanja wa watoto, njia ya maji ya mvua na bustani ambayo ingeweza kuwapo. Mtumishi wa ardhi anayekataa kutia saini hiyo ameutendea mji wema mkubwa kuliko aliyepanda matuta mia.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Mwenye ua apande, mwenye chumba aweke gunia, mwalimu aliheshimishe jembe, ofisa wa mipango alinde viwanja, na mwajiri alipe mshahara unaomtosha mtu mwenye familia. Mboga za uani ziwe nyongeza ya haki ya mfanyakazi, zisiwe badala yake.