Gofri za Ndizi kwa Asubui ya Watoto

(Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto)

Wengi wenu mmetoka mbali, mmeamka mbele ya jua, na watoto migongoni. Kabla hatujaanza kupima kilo, nawauliza neno moja. Leo asubui, mtoto wako alikula nini?

Nimeuliza neno hili mara nyingi mbele ya mabenchi haya. Majibu ni karibu yale yale. "Alikunywa chai." "Alikula bugali iliyobaki jana." "Bado hajakula, tutakula tukirudi." Mimi siwacheki. Nitawaambia sababu.

Wakati mtoto wangu wa tatu alipoanza masomo, mimi nilikuwa nikifundisha wanafunzi wa uganga juu ya vyakula. Niliandika ubaoni kwa chaki: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kulinda mwili. Lakini nyumbani nilikuwa na haraka. Nilimpa mtoto chai yenye sukari nyingi na kipande cha mkate, basi, aende. Siku moja mwalimu wake akaniita. Akasema: "Mama, mtoto wako si mjinga. Ila kila siku saa nne analala juu ya meza."

Nilisikia haya sana. Sababu siku ile ile, katika jiko langu kulikuwa na ndizi mbivu zilizoanza kuwa nyeusi, na mayai manne ndani ya kikapu. Mayai nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya wageni. Ndizi nilifikiri kuzitupia mbuzi. Kwa mtoto, chai.

Chakula kilikuwa nyumbani. Ni mimi niliyekipitisha mbali na mtoto. Ndiyo sababu leo nataka kuwaonyesha namna moja ya kukileta karibu naye: gofri za ndizi.

KWA NINI CHAI HAITOSHI?

Sukari ni kama majani makavu motoni. Inawaka upesi, inazimika upesi. Mtoto anatoka nyumbani na furaha, kisha njaa inamrudia mbele ya saa ya kupumzika. Tena sukari haijengi nyama wala damu. Na chai yenyewe, ikinywewa pamoja na chakula, inazuia mwili kupokea madini ya chuma yanayotengeneza damu. Kwa hiyo mtoto mdogo hana lazima ya chai. Maji yaliyochemshwa yanamfaa zaidi.

Tunajua pia ugonjwa tunaouita bwaki. Mwaka 1935 muganga mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika inchi inayoitwa leo Ghana, aliandika juu yake kwa jina la watu wa kule: kwashiorkor. Jina hilo ni la ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa wakati mdogo wake anakuja. Watoto aliowaona walikuwa wakilishwa mahindi karibu peke yake. Muone, wamama: watoto wale walikula. Tumbo lilijazwa, lakini mwili ulikosa vyakula vingine. Vivyo hivyo mtoto anayekula bugali ya muhogo peke yake, asubui na mangaribi, anaweza kushiba na kuwa mgonjwa.

GOFRI NI KITU GANI?

Ni mkate wa Wabeljiki, unaopikwa kati ya vyuma viwili vyenye vyumba vidogo vidogo, kama sega la nyuki. Hata jina lake, katika lugha ya zamani, lilikuwa na maana ya sega. Wapishi wetu walijifunza kuipika katika majiko ya Wabeljiki mbele ya mwaka 1960, na leo inapikwa na kuuzishwa katika miji yetu mingi. Lakini ile ya kuuzishwa mara nyingi ni bunga nyeupe, sukari na mafuta tu. Yetu itakuwa na ndizi mahali pa sukari, na mayai na soya ya kujenga mwili.

VITU VINAVYOTAKIWA (gofri ndogo karibu 10)

Ndizi mbivu ndogo 4, au kubwa 2. Zile zenye ganda la madoadoa meusi ndizo tamu zaidi.
Mayai 2.
Bunga ya ngano vikombe 2.
Bunga ya soya nusu kikombe.
Maziwa yaliyochemshwa, au maji yaliyochemshwa, kikombe 1.
Mafuta vijiko vikubwa 4.
Levire ya keki vijiko vidogo 2.
Chumvi kidogo, ya kushika na vidole viwili.

Sukari haimo. Ndizi inatosha.

Juu ya soya: ikaange vizuri mpaka iwe na rangi ya kahawa na harufu nzuri, kisha isage. Soya mbichi inazuia tumbo kusaga chakula. Kama hauna soya, saga kalanga zilizokaangwa. Chagua zile safi. Kalanga yenye ukungu itupe, isiliwe na mtu wala na kuku.

Kama ngano ni ya bei kali, weka kikombe 1 cha ngano na kikombe 1 cha bunga laini ya mahindi. Bunga ya muhogo pia inaweza kuingia kidogo, lakini muhogo muchungu uwe umelowekwa siku 3 au zaidi na kukaushwa vizuri. Muhogo uliolowekwa kwa haraka unabaki na sumu, na katika inchi yetu kuna watu ambao miguu yao ilikufa kwa ajili yake. Ugonjwa ule ndio konzo.

NAMNA YA KUFANYA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha maganda ya ndizi na ya mayai pia, sababu uchafu wa inje unaingia ndani wakati wa kuvunja.

2. Jaribu mayai katika maji. Yai linalolala chini ni jipya. Yai linaloelea juu ni la zamani, liache. Kila yai livunje kwanza katika kikombe peke yake, lisiharibu mengine.

3. Ponda ndizi kwa uma mpaka ziwe kama uji. Tia mayai na mafuta, koroga.

4. Changanya bunga zote na levire na chumvi katika sahani nyingine. Mimina katika ndizi kidogo kidogo, pamoja na maziwa. Uji wake uwe mzito, uanguke polepole kutoka kijiko. Ukiwa mwepesi kama maji, ongeza bunga.

5. Acha upumzike dakika 15. Wakati huo washa mbabula.

6. Weka chuma cha gofri juu ya makala yaliyo mekundu, yasiyo na moshi. Pasha pande zote mbili. Ukidondosha tone la maji likaruka na kulia, chuma kiko tayari.

7. Pakaa mafuta kidogo pande zote mbili. Mimina upawa mmoja, funga. Ngoja dakika 2 au 3, geuza chuma, ngoja tena vilevile. Kama kinakataa kufunguka, usikivute kwa nguvu. Gofri haijaiva, ngoja kidogo.

Gofri ya kwanza mara nyingi inashika na kupasuka. Hata yangu. Usikate tamaa. Chuma kinajifunza mafuta.

Wengi wenu mtasema: "Mama muganga, sisi hatuna chuma cha gofri." Haizuru. Tumia kikaango chako. Mimina upawa mdogo, funika, moto uwe mdogo, geuza mara moja. Haitakuwa na vyumba vya sega, lakini mwili wa mtoto hauangalii vyumba.

MATUNDA MENGINE

Paipai lililoiva linapondwa sawa na ndizi. Rangi yake ya machungwa ni alama ya vitamini A inayolinda macho. Mafuta mekundu ya ngazi nayo yanayo, ila ukiyachoma mpaka yawe meupe, umeichoma vitamini yenyewe. Nanasi likatwe vipande vidogo na kukamuliwa kwanza, sababu maji yake yanafanya gofri ishike chuma. Maji ya marakuja yanaleta harufu nzuri, tia vijiko viwili tu.

Lakini kumbukeni: moto unapunguza vitamini C ya matunda. Kwa hiyo usipike matunda yote. Gawa kipande kibichi kilichooshwa pembeni ya gofri: paipai, chungwa, au marakuja. Vitamini C hiyo inasaidia mwili kupokea madini ya chuma kutoka soya na bunga.

MTOTO WA UMRI GANI?

Chini ya miezi 6: hapana. Maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana.

Miezi 6 mpaka mwaka 1: toa sehemu laini ya ndani, iponde na maziwa yako uliyokamua, mpe kwa kijiko. Ile ngumu ya pembeni inaweza kumkaba. Usimpakie asali kabla ya mwaka 1, inaweza kumletea sumu mbaya.

Baada ya mwaka 1: vipande vidogo, akiwa ameketi, na wewe ukimwangalia. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka 2 na kupita.

Mtoto wa masomo: gofri 2, tunda, na maji. Moja anaweza kuichukua katika jani safi la ndizi, aile saa ya kupumzika.

Kwa mtoto mwenye miguu iliyovimba, au nywele zilizobadilika rangi, au aliyekonda sana, gofri si dawa. Vilevile mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ambaye kamba ya kupima mkono inaonyesha chini ya sentimeta 11 na nusu. Mlete hospitali siku hiyo hiyo. Usijaribu kumponyesha nyumbani.

LINDENI WATOTO NA MOTO

Chuma cha gofri kinabaki na moto muda mrefu baada ya kuondolewa mbabulani. Kiweke juu, mkono wa mtoto usifike. Mbabula isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama kuna baridi. Hewa ya makala haionekani, nayo inaua watu usingizini. Mtoto akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala udongo. Kisha mlete kwetu.

NENO JUU YA FEZA

Mama mmoja alisimama hapa akaniambia: "Mama muganga, mayai ni feza yangu ya chumvi na sabuni. Nikipikia watoto mayai, sabuni nitanunua na nini?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana alisema kweli. Ni yeye anayebeba kikapu sokoni, si mimi.

Nilimwambia tuhesabu pamoja. Kuku wake walimpa mayai 6 kwa juma. Yote 6 yalikwenda soko, na sehemu ya feza ile ilirudi nyumbani kuwa sukari. Tukasema: 4 yaende soko, 2 yabaki. Sukari ipunguzwe, sababu ndizi za shambani kwake ni tamu bila feza. Ndizi zingine zilikwenda kwa kasiksi. Juu ya kasiksi alisema atazungumza na mzee nyumbani, nami nilimwelewa. Baada ya majuma kadhaa alirudi. Akasema mzee alionja gofri, akaacha mkungu mmoja kwa watoto kila mara wanapokata.

Wengine mmesikia kwa wazee kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Wamama, mtoto mwenye njaa ndiye anayejaribiwa kufungua chungu cha jirani. Yai lililopikwa mpaka kuiva limjenge, basi.

Sisemi mpike gofri kila siku. Makala ni feza, na kazi ya shamba inangoja. Mara moja au mbili kwa juma inatosha. Siku zingine pika uji wa mahindi na soya, ponda ndizi ndani yake. Ni vyakula vile vile katika nguo nyingine.

Mtoto wangu yule aliacha kulala juu ya meza. Si kwa sababu ya chuma cha gofri. Ni kwa sababu mama yake aliamka nusu saa mbele, akaangalia kikapu chake, akajiuliza: hiki ni cha nani kwanza?

Kesho asubui, mbele ya kufunga kikapu cha soko, jiulizeni vilevile. Toeni yai moja na ndizi mbili, muziweke pembeni. Hizo ni za mtoto. Juma lijalo, mtakaporudi kupima, nitawauliza tena: alikula nini?

Sasa leteni watoto, tupime.