Mkongwe Auzwe au Abaki?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani mliotoka Mbulu, Haydom, Dongobesh, Bassotu na Katesh, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyaacha sisi,

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo tangu jana limetugawa, hata kwenye foleni ya chakula. Timu yetu ya mpira wa miguu haikufua dafu katika UMISSETA. Ilitolewa ngazi ya wilaya. Tunaye mchezaji mmoja aliyeichezea tangu kidato cha kwanza, naye sasa yuko kidato cha tano. Shule moja ya mjini inamtaka, na inasemekana ikimpata itatuletea jezi seti mbili pamoja na mipira. Baadhi ya wenzangu wanasema aende, tupate vifaa, na wadogo wapate nafasi. Wengine wanasema hiyo ni sawa na kuuza jembe mvua zinaponyesha.

Mabishano ya namna hii si yetu peke yetu. Huko Marekani, katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, klabu hubadilishana wachezaji kama sisi tunavyobadilishana mbuzi kwa mahindi. (Magongo si mageni kwetu. Tanzania ilipeleka timu ya magongo ya uwanja wa kawaida kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, India ikatufunga 18-0, basi tuyaache.) Klabu ya Boston Bruins ilikuwa na beki wake mashuhuri, Ray Bourque, aliyeichezea tangu 1979. Machi 2000, timu ikiwa hoi na yeye ana miaka 39, klabu ilimpeleka Colorado, kwa ombi lake mwenyewe. Juni 2001 akatwaa kombe alilolikosa kwa zaidi ya miaka ishirini. Na Boston je? Msimu ule na uliofuata haikufika hata hatua ya mtoano. Mzee alifaidika, lakini timu haikupona, kwa kuwa ugonjwa wake haukuwa yeye.

Sasa turudi nyumbani. Najua nikitaja Simba na Yanga nusu ya ukumbi itaziba masikio, lakini nivumilieni.

Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo hadi mwaka 2021. Agosti ya mwaka huo waliwaachia viungo wao wawili kwa mpigo: Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Wakasajili wengine, ndiyo, lakini wageni wale walikuwa bado hawajazoeana na wenyeji. Msimu uliofuata Yanga wakawa mabingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Januari 2022 Simba walikuwa wamekwisha kumrudisha Chama.

Tazameni basi waliyofanya Yanga mwaka 2023. Walimwuza Fiston Mayele kwa Pyramids ya Misri, mtu aliyetoka kufunga mabao 17 ya ligi. Wengi tulisema wamekwisha. Lakini Stephane Aziz Ki alikuwa amekwisha kukaa nao msimu mzima, anaijua timu na timu inamjua. Msimu wa 2023/24 akafunga mabao 21 na ubingwa ukabaki Jangwani. Mrithi alikuwa ndani ya nyumba kabla mwenye kiti hajaondoka.

Msimu huo huo Simba walikuwa taabani. Novemba 2023 walifungwa na Yanga 5-1, na mwishoni wakawa wa tatu, nyuma ya Azam kwa tofauti ya mabao tu. Ndipo wakaamua kufagia. Nahodha John Bocco akaondoka. Chama naye, akiwa na miaka 33, mkataba ukamwishia, na Julai 2024 akavuka kutoka Msimbazi kwenda kwa mtani. Wako waliolia. Hata hivyo Mei 2025 Simba hiyo mpya ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa na Berkane. Ilikuwa fainali yao ya kwanza ya Afrika tangu 1993. Ubingwa wa ligi waliukosa siku ya mwisho kabisa, mbele ya Yanga, ambao walikuwa na Chama.

Kwa maoni yangu Simba hawakukosea kuachana na wakongwe. Ila walilazimika kununua karibu timu nzima, na hilo hufanywa na mwenye fedha. Sisi hatuna dirisha la usajili, Ndugu Mwenyekiti. Tuna kidato cha kwanza kinachoingia Januari.

Wilaya zetu hizi zimezoea riadha kuliko mpira. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Mkimbiaji hupimwa kwa saa, na saa haina upendeleo. Mchezaji wa timu hapimwi hivyo. Anaweza kupungukiwa mbio na bado akajua pa kusimama, na nani wa kumfokea, na lini.

Mzee anayelima kwa maksai hamfungi kijana nira peke yake. Humfunga ubavuni mwa maksai mkongwe, na yule mkongwe ndiye anayemfundisha kufuata mstari na kugeuka mwisho wa shamba. Akikwisha kujua, hapo mzee anaweza kwenda mnadani. Anayempeleka mkongwe mnadani kwanza atalima kwa mkono.

Nawauliza basi Kamati ya Michezo: ni nani wa kidato cha pili anayefanya mazoezi ubavuni mwa kijana huyu? Nimeuliza jana, nikaambiwa wadogo hufanya mazoezi siku yao na wakubwa siku yao. Kama ni hivyo, tungemtoa leo tusingepata nafasi kwa wadogo, tungepata pengo tu.

Jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa wazee wenzangu. Bourque aliomba mwenyewe. Chama alikuwa mtu mzima mwenye mkataba. Huyu wetu ni mwanafunzi, ana mtihani wa kidato cha sita mbele yake, na hakuna aliyemwuliza, wala yeye wala mzazi wake. Wakiona masomo yatamwendea vizuri zaidi huko mjini, aende na baraka zetu, na wasitupe hata soksi. Wakiona abaki, abaki.

Kuhusu jezi, seti mbili si mzigo wa kumwuzia mtoto wa mtu. Mweka Hazina amekaa pale mlangoni na daftari lake, na jina langu limekwisha kuandikwa. Naomba tupite kwake kabla ya chakula cha mchana.